Naombeni ushauri: kutolewa utumbo mpana kwa matundu madogo au kwa kupasuliwa tumbo?

Mbezi Mwisho: Wakuu, habari za jioni. Nina vidonda vya utumbo mpana, wanaita kolaitisi, kwa zaidi ya miaka kumi. Mwanzoni nilitibiwa amiba, nikatibiwa bawasiri, mpaka nilipoingizwa kamera kwa chini ndipo ugonjwa ukajulikana. Choo cha damu na kamasi, tumbo linakata, kwenye daladala nakaa karibu na mlango ili niwahi kushuka. Sasa daktari anasema utumbo mpana wote utolewe. Bima inalipia upasuaji wa kawaida, wa matundu madogo natakiwa niongeze hela nyingi. Nataka wa matundu, ila mwezi wa kumi na mbili, nikishaoa. Mliofanyiwa, una faida kweli au ni biashara?

Fundi Seremala: Pole sana mkuu. Mke wangu alitolewa mfuko wa nyongo kwa matundu, kesho yake yuko nyumbani. Alilalamika bega tu, tena la kulia. Usiku tukahangaika tukidhani moyo. Kumbe ni ile gesi wanayojaza tumboni ili kamera ipate nafasi ya kuona. Leo anauza duka kama kawaida.

Kinyozi wa Mabibo: Nyongo na utumbo mpana mzima wapi na wapi? Huo utumbo utapita kwenye tundu la sentimita moja?

Nesi Mstaafu: Unatolewa kwa mkato mmoja mkubwa kidogo, mara nyingi chini ya kitovu. Matundu mengine ni ya kamera na vifaa, milimita 5 mpaka 12. Kinachokatwa ndani ni kilekile, kwa hiyo usiuite upasuaji mdogo. Unachopata ni maumivu kupungua, tumbo kuanza kufanya kazi mapema, siku chache wodini. Lakini ukipewa asiyezoea matundu, bora akupasue wazi aliyezoea. Sasa mwanangu, miaka yote umekaa na dawa. Kwa nini wanataka kuutoa leo? Kinyama walichochukua utumboni kwenda kupima maabara kilisemaje?

Bi Mkubwa wa Tanga: Mimi nauliza la ndoa. Mchumba anajua? Ndoa haifungwi na siri tumboni. Mdogo wangu alificha kisukari, mwenzake akakijua siku ya dharura, na wifi zake hawajamsamehe hadi leo.

Mbezi Mwisho: Nimeuliza matundu au kupasua, tusitoke nje ya mada. Mchumba nitamwambia kwa wakati wake.

Nesi Mstaafu: Hutatoka nje ya mada ukijibu. Kinyama?

Mbezi Mwisho: Kilirudi na chembe zilizoanza kubadilika, daraja la juu, sehemu mbili. Lakini si saratani, nimesoma. Ndiyo maana sioni haraka. Predinisoloni, ile dawa ya kutuliza uvimbe, nanunua dukani, damu imepungua. Na wakiutoa sasa nitaingia ukumbini na kifuko cha haja kiunoni.

Nesi Mstaafu: Hapo ndipo penye mambo. Bado si saratani, sawa. Ila kwenye utumbo uliougua kolaitisi miaka mingi, chembe za daraja la juu sehemu mbili zina maana kwamba saratani inaweza kuwa imeshajificha mahali kamera haikuona. Damu kupungua hakukuambii lolote kuhusu chembe hizo. Na predinisoloni usijinunulie, wala usiiache ghafla. Mpasuaji lazima aijue dozi yako, inachelewesha jeraha kupona.

Tabibu wa Mizizi: Kuna unga wa majani, siku 21 utumbo unajisafisha. Njoo PM.

Nesi Mstaafu: Usiende.

Mchunguzi: Wakuu mnakunywa chai. Nimepitia nyuzi zake. Mwezi wa tatu aliuliza bei ya vitenge vya sare za kicheni pati, akasema "mimi ndiye ninayeolewa". Leo anaoa. Bila shaka ni mwanafunzi anakusanya majibu ya utafiti.

Kinyozi wa Mabibo: Duh! Na mimi nimeshamhurumia.

Fundi Seremala: Mkuu, jibu hilo.

Mbezi Mwisho: Ndiyo, ni mwanamke, na ninaolewa. Niliandika hivyo kwa sababu nilijua mngejadili ndoa mkaacha ugonjwa, na mmejadili ndoa hata nilipokuwa mwanaume. Mnataka ukweli? Daktari alisema upasuaji huu ukifika ndani ya nyonga, karibu na kizazi, unaweza kunipunguzia uwezekano wa kubeba mimba. Nina miaka 31. Ndiyo maana ya matundu, ndiyo maana ya kusubiri.

Mchunguzi: Weka picha ya majibu, ficha jina.

Bi Mkubwa wa Tanga: Asiweke chochote. Mwanangu, samahani, endelea.

Nesi Mstaafu: Hili ungelianza nalo. Kutengeneza kifuko cha ndani kwa utumbo mwembamba na kukiunganisha chini hugusa nyonga, na makovu huweza kunasa kwenye mirija ya uzazi. Kwa matundu madogo makovu hayo huwa machache, kwa hiyo hela ya nyongeza kwako ina maana. Ila kusubiri ni jambo lingine. Muulize mpasuaji kama anaweza kutoa utumbo mpana sasa, akaacha sehemu ya mwisho ichunguzwe kwa kamera mara kwa mara, na kifuko cha ndani kikasubiri mpaka uzae. Itategemea chembe zilionekana wapi. Zikiwa huko mwisho, huenda akakataa. Wapo wanaobeba mimba na kujifungua wakiwa na kifuko cha nje.

Fundi Seremala: Shemeji yangu alikuwa nacho. Kinavaliwa chini ya gauni, hakionekani.

Mbezi Mwisho: Moja ilikuwa kushoto, ya pili sikumbuki. Kliniki ni Jumatatu, nitamuuliza. Tarehe ya harusi sijaibadilisha.

Nesi Mstaafu: Beba karatasi ya maabara, na orodha ya dawa zote, hata za dukani. Na nenda na mchumba wako.

Mbezi Mwisho: Nitaenda na dada yangu.