Michael Essien baada ya goti la 2008: alikuwa namba nane au namba sita?

Mtaa wa Pili (mleta mada)

Wakuu, naomba tujadili jambo ambalo mimi na mdogo wangu tumeshindwa kulimaliza nyumbani. Yeye alianza kufuatilia soka la Ulaya mwaka 2012, kwa hiyo Essien, yule kiungo wa Ghana, anayemjua ni yule aliyekwenda Real Madrid kwa mkopo akawa anapangwa beki, mara kulia, mara kushoto. Kila nikimwambia kwamba huyo alikuwa miongoni mwa viungo bora kabisa duniani, hunitazama kama ninayemsimulia ushujaa wa babu yetu ambaye hakumkuta.

Essien ninayemkumbuka mimi ni yule aliyetoka Lyon Agosti 2005 kwa pauni milioni 24.4, akaingia Chelsea ya Mourinho na kuanza kuutoa mpira kwenye eneo lake la hatari hadi la wapinzani kana kwamba uwanja una nusu moja tu. Nakumbuka bao lake dhidi ya Arsenal Desemba 2006, lile ambalo aliupiga mpira kwa upande wa nje wa mguu, ukaenda nje ya goli kisha ukarudi ndani wenyewe. Kwangu hiyo ndiyo namba nane kamili, yaani kiungo wa kupanda na kushuka: anakaba, anapokonya, anapanda, anapiga.

Kisha Septemba 2008 akaumia kano ya goti akiichezea Ghana dhidi ya Libya katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, akakaa nje takriban miezi sita. Aliporejea Machi 2009, mara nyingi nilimwona amesimama mbele ya mabeki, kazi yake ikiwa kuzuia na kuwapa wengine mpira. Swali langu ni hili: je, makocha walimshusha namba sita, yaani kiungo mkabaji anayebaki nyuma, kwa sababu goti lilikuwa limemwondolea kitu, au walikosea tu wakamfunga kamba mchezaji aliyekuwa bado na uwezo wa kupanda? Msimamo wangu ni kwamba walikosea, na niko tayari kurekebishwa.

Kibanda cha Mwisho

Ndugu mleta mada, mjadala wako ni mzuri, lakini umeanza na kumbukumbu iliyosafishwa. Essien hakuwahi kuwa namba nane na kitu kingine hapana, hata kabla ya goti. Msimu wa 2006/07, John Terry alipokuwa majeruhi wa mgongo, Essien alicheza beki wa kati, na msimu huohuo ndio aliochaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa klabu. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Moscow, Mei 2008, alianza beki wa kulia. Bao la kichwa la Cristiano Ronaldo alilifunga akiwa amemrukia yeye, na bao la kusawazisha la Frank Lampard lilitokana na shuti lake yeye huyohuyo, lililogonga mabeki wa Manchester United likamkuta Lampard akiwa peke yake. Lawama na sifa vilimfika usiku mmoja, katika nafasi ambayo hata si yake.

Jambo la pili ndilo muhimu zaidi, nalo halihusiani na goti. Namba nane ya Essien iliwezekana kwa sababu nyuma yake alikuwepo Claude Makelele, mtu ambaye hakupanda, hakutamani kupanda, na hakumlaumu yeyote aliyepanda. Makelele aliondoka kwenda Paris Saint-Germain majira ya joto ya 2008, wiki chache kabla ya ile mechi ya Libya. Kwa hiyo pengo la namba sita lilikuwa limeshafunguka wakati Essien bado ni mzima, na mbele yake walikuwepo Lampard, Michael Ballack na Deco aliyekuwa ndiyo kwanza amesajiliwa. Hata kama asingeumia, swali lako lingekuja tu. Goti lilichelewesha jibu.

Nikiri pia kwamba Mikel John Obi aliitumia nafasi hiyo vizuri Essien alipokuwa nje, kwa hiyo si kweli kwamba Chelsea haikuwa na namba sita kabisa. Lakini Mikel wa wakati ule alikuwa mtu wa kutuliza mpira, si wa kukimbizana na mtu.

Asiyependa Sare

Naungana na Kibanda cha Mwisho kuhusu Makelele, ila kuna tofauti ambayo nyote wawili mmeipita: kusimama namba sita si lazima kuwa na maana ya kusimama. Turudi kwenye mechi zenyewe za majira yale, maana ndizo zinazoweza kutuamua.

Machi 10, 2009, huko Turin, Chelsea ilikuwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Juventus katika mchezo wa marudiano. Lampard akapiga shuti likagonga mwamba, na aliyeufikia mpira ule na kuusukuma wavuni kabla ya mapumziko alikuwa Essien. Mtu anayeogopa goti lake hafiki pale. Mwezi uliofuata, Aprili 8, Guus Hiddink, kocha wa Chelsea wakati ule, alimpeleka Anfield, nyumbani kwa Liverpool, na kazi moja tu, nayo ilikuwa kumganda Steven Gerrard wa Liverpool, ambaye msimu ule alikuwa anacheza nyuma ya Fernando Torres na alikuwa anaitesa kila timu. Watu wanakumbuka vichwa viwili vya Branislav Ivanovic na matokeo ya 3-1. Mimi nakumbuka kwamba Gerrard alipotea uwanjani kwake mwenyewe. Alipokwenda pembeni, Essien alikuwepo. Aliposhuka kuchukua mpira, Essien alikuwepo, na mara nyingi alikuwa anafika kabla ya mpira.

Kisha Mei 6, dhidi ya Barcelona, dakika ya 9, mpira ukadunda nje ya eneo la hatari, naye akaupiga kwa mguu wa kushoto ukiwa bado hewani, ukagonga chini ya mwamba ukaingia. Alikuwa amepangwa nyuma ya Ballack na Lampard, yaani palepale mnapoita kifungoni. Ni kweli pia kwamba dakika za majeruhi za mechi hiyohiyo alipata nafasi ya kuuondoa mpira, akaupiga vibaya, ukamfikia Messi aliyempa Iniesta, naye akasawazisha na Chelsea ikatolewa. Huo ndio ugumu wa namba sita: bao la dakika ya 9 linabaki kuwa zuri tu, ilhali kosa la dakika ya 93 linakuwa historia ya klabu nyingine.

Kwa maoni yangu, miezi ile mitatu ndiyo namba sita bora niliyopata kuiona Stamford Bridge, nyumbani kwa Chelsea, baada ya Makelele, nayo ilichezwa na mtu aliyekuwa ametoka kitandani.

Goti la Kwale

Nawasalimu kaka zangu. Mimi si daktari, ila nilicheza mpira wa wanawake hadi nilipokatika kano ya goti, kwa hiyo naomba kuzungumzia upande ambao mara nyingi tunaupitia haraka tukiwa mbele ya runinga.

Kuna imani kwamba ukitoka kwenye jeraha la goti unapelekwa namba sita ili upumzike, kwa kuwa utakimbia umbali mfupi. Lakini umbali sio unaolitesa goti. Mbio ndefu za kunyooka, hata zikiwa za kasi, goti lililopona huzivumilia mapema kuliko mambo mengine; linalolijaribu ni kufunga breki ghafla, kugeuka mguu ukiwa umekita chini, na kutua baada ya kuruka. Kano hii hukatika hivyo mara nyingi, hata bila kuguswa na mtu. Sasa mtazameni namba sita anayemganda Gerrard kwa dakika tisini: anafunga breki na kugeuka kila upande, na hachagui wakati wa kufanya hivyo, kwa sababu anayechagua ni mpinzani. Namba nane anayepanda na mpira, yeye ndiye anayeamua ageuke lini. Kwa hiyo kama Hiddink alimshusha ili kumhifadhi, basi alimhifadhi mahali pagumu zaidi. Mimi nadhani alimwamini, basi.

Ila naomba msichanganye majeraha. Lile la 2008 alirudi nalo akiwa yuleyule. Desemba 2009 aliumia msuli wa nyuma ya paja katika mechi ya APOEL, ambayo pia alifunga. Akaenda Angola kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, na huko Januari 2010 akaumia goti mazoezini. Msimu ukaisha hapo, na Kombe la Dunia la Afrika Kusini akalikosa. Julai 2011, mazoezini tena, kano na gegedu za goti zikachanika pamoja, akafanyiwa upasuaji na kukaa nje hadi Januari 2012. Mchezaji aliyerudi safari hiyo alikuwa mwingine. Alikuwa bado na nguvu ya kifua na bado anausoma mchezo, lakini ile hatua ya kwanza, ile ya kumwacha mtu kabla hajajua kwamba ameachwa, sikuiona tena.

Hapo ndipo namwelewa Mourinho kumpeleka pembeni kule Madrid. Beki wa pembeni ana mstari wa uwanja ubavuni mwake. Hakuna adui anayetokea upande huo. Hugeuka nusu ya mara anazogeuka kiungo, na mbio zake nyingi ni za kunyooka. Mdogo wake mleta mada aliona mchezaji aliyetafutiwa mahali ambapo goti linaweza kumaliza mechi. Sioni fedheha yoyote hapo.

Mtaa wa Pili (mleta mada)

Nawashukuru sana. Suala la Makelele nalikubali bila ubishi; nilikuwa nimesahau kabisa kwamba aliondoka kabla ya lile jeraha. Hoja ya dada yetu kuhusu kugeuka na kufunga breki imenifanya nirudie kuitazama mechi ya Anfield usiku wa jana, na nimeiona kama mechi nyingine.

Hata hivyo sijaachia namba nane yangu. Novemba 2009, chini ya Carlo Ancelotti, alifunga mawili dhidi ya Wolves kabla nusu saa haijatimia. Septemba 2010 alifunga mawili mengine ugenini kwa West Ham, na Novemba akaifungia Chelsea bao pekee dhidi ya Fulham, kisha akatolewa kwa kadi nyekundu mechi ikielekea mwisho. Huyo ni mtu ambaye kila akiruhusiwa kupanda alifika. Na Ghana ya 2010 ilikuwa na Anthony Annan mbele ya mabeki, akiifanya kazi ya Makelele kwa bei ndogo. Mpeni Annan huyo Essien mzima pembeni yake katika robo fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Uruguay, halafu mniambie ni namba ngapi.

Kibanda cha Mwisho

Nane. Kwa Annan ni nane, kwa Makelele ni nane. Kwa Lampard na Ballack ni sita, kwa sababu katika watu watatu lazima mmoja abaki, na hao wawili tulishawaona wakiambiwa wabaki.

Asiyependa Sare

Ballack alibaki mara mbili tatu, tusimwonee.

Mtaa wa Pili (mleta mada)

Basi Jumamosi namkalisha mdogo wangu mbele ya ile 3-1 ya Anfield. Nilikuwa nimepanga kumwonyesha bao la Barcelona, lakini hilo ameshaliona kwenye simu, na ndiyo maana anadhani alikuwa mtu wa bao moja.