Mcheza kriketi wa kike asiyeitwa timu ya taifa: Australia, Uingereza, India au New Zealand?

Ova_ya_Mwisho
Wakuu, salaam. Kila mjadala wa kriketi ya wanawake humu unaishia kwa Smriti Mandhana wa India na Ellyse Perry wa Australia. Leo tuwaweke kando. Mchukueni binti wa miaka 22, mpigaji mzuri wa namba tatu, mwenye ova (mipira sita sita) kadhaa za spini zinazosumbua watu, ila timu ya taifa haijawahi kumpigia simu na huenda isimpigie kamwe. Riziki yake yote iko kwenye mashindano ya ndani. Ni heri awe wapi kati ya nchi hizo nne?

Mimi nasema Australia, na sioni wa kuikaribia. Makubaliano ya 2023 kati ya bodi na chama cha wachezaji yalitenga dola milioni 133 za Australia kwa wanawake kwa miaka mitano, na mwenye mkataba wa jimbo pamoja na wa WBBL, ligi yao ya T20 (mechi fupi za ova 20), akafikia wastani wa dola 151,019 kwa mwaka. Hapo hatuzungumzii mastaa, tunazungumzia wachezaji wa majimbo. Ligi yao ya ova 50, WNCL, ipo tangu msimu wa 1996-97. WBBL ilianza 2015-16. Nibisheni.

Rupia_Mkononi
Mkuu, unaiachaje India nyuma? Mnada wa kwanza wa WPL, ligi ya T20 ya wanawake ya India, Februari 2023 pale Mumbai, Mandhana alikwenda Bangalore kwa rupia milioni 34. Najua, mastaa pembeni. Basi chukua Kiran Navgire. Mwaka 2022 alikuwa anaichezea Nagaland, akawapiga Arunachal Pradesh mikimbio 162 bila kutolewa kwenye mechi ya T20. UP Warriorz wakamchukua kwa rupia milioni 3. Mechi yake ya kwanza aliingia na gongo lisilo na nembo ya mdhamini yeyote, ameliandika mwenyewe kwa kalamu "MSD 07" kumuenzi Dhoni, nahodha wa zamani wa India, akapiga 53 dhidi ya Gujarat Giants. Oktoba 2025, safari hii akiwa na Maharashtra, akafikisha mia kwa mipira 34 dhidi ya Punjab, akaipiku rekodi ya Sophie Devine wa New Zealand ya mipira 36. Hiyo ni ligi ya ndani tupu. Ni wapi kwingine mtu anatoka kichochoroni hadi kwenye televisheni kwa kasi hiyo?

BintiTakwimu
@Rupia_Mkononi hadithi ya Navgire naipenda, lakini unatuonyesha aliyetoboa. Tuhesabu viti kwanza. WPL ilianza na timu tano, kila timu wachezaji wasiozidi 18, na hadi sita kati yao wageni. Zidisha mwenyewe: wakijaza nafasi zote za wageni, wanabaki Wahindi 60. Timu za ndani za wanawake India ni zaidi ya 30. Binti wa @Ova_ya_Mwisho anagombea kiti na nusu ya bara zima.

Na akikipata, hajui atakikalia muda gani. Mwangalie Simran Shaikh. 2023 UP Warriorz walimnunua kwa rupia milioni 1, ndiyo bei ya chini kabisa ya mnada. Msimu haukumwendea vizuri, wakamwacha. Mnada uliofuata hakuna aliyenyanyua mkono. Desemba 2024, Gujarat Giants wakamchukua kwa rupia milioni 19, ghali kuliko wote siku hiyo. Mtu yuleyule! Kutoka milioni moja hadi sifuri hadi kumi na tisa ndani ya miaka miwili. Benki gani itakukopesha kwa mapato ya namna hiyo?

Ndiyo maana wachezaji wa India kwa miaka mingi walikimbilia Railways. Watu humu wanaisahau kwa sababu haina mnada wala muziki. Shirika la reli linaajiri wanamichezo kwa nafasi zao maalumu: unapewa kazi ya serikali, mshahara wa kila mwezi, na ukistaafu kriketi dawati lako bado lipo. Mithali Raj alikuwa mtu wa reli. Harmanpreet Kaur naye alipata kazi Western Railway. Matokeo yake Railways wametwaa kombe la siku moja la wanawake mara nyingi kuliko timu yoyote, kwa sababu walikusanya kila mwenye kipaji aliyetaka uhakika. Ukiniuliza mimi, ajira ya Railways ilimfaa mchezaji wa kawaida kuliko mnada wowote.

Posho nayo imepanda. 2021 mchezaji wa timu ya wakubwa aliye kwenye kumi na mmoja wanaocheza alitoka rupia 12,500 hadi 20,000 kwa siku ya mechi, na mwishoni mwa 2025 bodi ikapitisha 50,000 kwa mashindano ya siku moja. Lakini posho ni posho. Ukiumia goti mwezi wa kwanza wa msimu, hiyo 50,000 unaisoma gazetini.

KitiChaNyuma
"Hakuna aliyenyanyua mkono." Hapo umeniumiza.

MzeeWaKaunti
Ngojeni na Uingereza izungumziwe na anayeifuatilia. Hadi 2020, kama hukuwa timu ya taifa hukuwa mchezaji wa kulipwa wa mwaka mzima. Ulikuwa na Kombe la Kaunti, baadaye Super League ya 2016 hadi 2019 iliyokuwa ya wiki chache za kiangazi, halafu unarudi kazini kwako. Desemba 2020 ndipo wachezaji 41 walisaini mikataba ya kudumu na timu nane za kanda. Leo kuna kaunti za daraja la kwanza zenye vikosi kamili vya kulipwa, na kuanzia 2025 kima cha chini cha mshahara wa anayeanza kimelingana na cha wanaume. Kwa muda mfupi hivyo, hakuna nchi iliyopiga hatua ndefu kama hiyo.

Ongeza The Hundred, ligi yao fupi ya mipira 100. 2021 mwanamke wa daraja la juu alipata pauni 15,000 na wa chini 3,600. Kufikia 2025 ngazi hizo zimekuwa 65,000 na 10,000. Bado ni mbali na wanaume, simkatalii mtu hapo. Ila ni wiki chache za Agosti, juu ya mshahara wa kaunti.

BintiTakwimu
@MzeeWaKaunti shikamoo. Umetuambia mazuri, sasa tuambie na habari ya Northern Diamonds, ile timu ya kanda ya kaskazini.

MzeeWaKaunti
Marahaba binti, nilijua utakuja hapo.

Haya. Diamonds walifika fainali ya Rachael Heyhoe Flint Trophy, kombe la ova 50 la kanda, 2020, wakafungwa na Southern Vipers. 2021 wakarudi, wakafungwa tena na walewale. 2022 fainali ikapelekwa Lord's, wapinzani walewale, na Diamonds wakashinda kwa mikimbio miwili. (Ilikuwa siku moja baada ya Deepti Sharma wa India kumtoa Charlie Dean wa Uingereza kwenye uwanja huohuo kwa kuangusha vijiti kabla ya kurusha mpira, kwa hiyo dunia nzima ilikuwa inabishana juu ya lile na fainali hii ikapita kimya. Hadi leo inaniudhi.) Miaka miwili baadaye timu haipo. Bodi ilivunja kanda zote nane na kuwakabidhi wanawake kwa kaunti. Kaskazini ikapewa Durham kwanza, Yorkshire wakaambiwa wasubiri. Nahodha Hollie Armitage akaenda Durham. Sunrisers, timu nyingine ya kanda, nao baada ya miaka ya vipigo, walilibeba kombe lilelile Septemba 2024, na huo ndio ukawa msimu wao wa mwisho.

Kwa hiyo ndiyo, kero ipo. Mchezaji aliyeanza 2015 Uingereza amepitia kaunti, Super League, kanda, halafu kaunti tena, na kila mara jezi, kocha na mji vinabadilika. Lakini mkataba ulikuwa unaboreka kila hatua, hilo nalo mliandike.

Ova_ya_Mwisho
Mnanisaidia kazi. Timu ya jimbo ya New South Wales Breakers walikuwa Breakers 1996 na ni Breakers leo.

Na kuna jambo ambalo mishahara peke yake haionyeshi, nalo ni ushindani wa chini. Fainali ya WNCL Februari 2023, Hobart. South Australia wanahitaji mikimbio minne kwenye ova ya mwisho, wiketi tano mkononi, yaani lazima watolewe watano ndipo waishe. Mtu yeyote angezima televisheni. Sarah Coyte wa Tasmania anashika mpira. Mpigaji wa kwanza anaangushiwa vijiti, ametoka. Anayefuata anatoka nje ya mstari, mlinda wiketi anamaliza kazi. Wanaanza kuhangaika, wengine wanatolewa wakikimbia. Mpaka mpira wa sita wiketi zote tano zimekwenda na Tasmania wameshinda kwa mkimbio mmoja. Coyte mwenyewe alishastaafu 2017 akarudi. Ligi ambayo mtu anaweza kuacha, akarudi, akakuta kiti na mshahara, na akaamua fainali, hiyo ndiyo namtakia binti yangu.

MlindaWiketi
Hakuna hata mmoja aliyegusa New Zealand, kama kawaida. Julai 2022 wao ndio walisaini posho sawa kwa mechi, wanawake na wanaume, mpaka ligi za ndani: dola 800 za kwao kwa mechi ya Hallyburton Johnstone Shield (ova 50), 575 kwa Super Smash (T20). Mikataba ya ndani ikaongezwa kutoka 54 hadi 72.

Rupia_Mkononi
Na kwa mwaka mzima anapata ngapi?

MlindaWiketi
Kiwango cha juu kwa mchezaji wa ndani kilitoka 3,423 hadi 19,146.

Rupia_Mkononi
Sina swali lingine 😂

MlindaWiketi
Cheka tu. Usawa upo kwenye kila mechi, tatizo ni idadi ya mechi na ukubwa wa mkataba wenyewe. Kwa hiyo pale lazima uwe na kazi ya pili, sikatai. Ila hata Australia wapo wenye kazi ya pili kwa kutaka. Georgia Redmayne ni daktari wa watu, na wakati huohuo ni mlinda wiketi aliyepita Tasmania, Queensland, Hobart Hurricanes, Perth Scorchers na Brisbane Heat. Jina lake limejengwa na ligi za ndani.

Jambo jingine mmelisahau: uzazi. Tangu 2019 Australia mchezaji akipata mimba analipwa likizo hadi miezi 12 na anahakikishiwa mkataba wa mwaka unaofuata, na mtoto akiwa mdogo gharama za kusafiri naye zinasaidiwa. Kwa mwanamke wa miaka 22 anayepanga kucheza hadi 35, hilo ni kubwa kuliko tofauti ya dola elfu kumi.

KitiChaNyuma
Swali la mjinga: kwa nini asianzie kwao halafu akahamia Australia?

BintiTakwimu
Si swali la mjinga, ndilo lililopaswa kuulizwa mwanzo. Nafasi za wageni ni chache kila ligi, na zinachukuliwa na waliokwishavuma kimataifa. Brisbane au Surrey hawatatumia kiti cha mgeni kwa mtu ambaye hata nchi yake haimwiti. Surrey waliposhinda Blast ya wanawake, kombe la T20 la kaunti, 2025, mgeni aliyewabeba kwenye fainali alikuwa Grace Harris wa Australia. Ndiyo kiwango chenyewe.

Wapo wanaopenya. Tara Norris wa Marekani aliingia WPL 2023 kwa sababu kanuni iliruhusu mgeni wa tano uwanjani akitoka nchi mwanachama mshiriki, yaani nchi ndogo za kriketi, na Delhi Capitals wakapata kwake wiketi tano za kwanza katika historia ya ligi. Anesu Mushangwe alitoka Zimbabwe, akatulia Adelaide, na siku ile ya fainali ya Hobart alikuwa kwenye kikosi cha South Australia. Hao unawahesabu kwa vidole.

Kwa hiyo binti yetu akizaliwa Nagpur, India, ushauri wangu ni aombe Railways kwanza, mnada baadaye. Akizaliwa Leeds, kwao Yorkshire, avumilie, Yorkshire walipangiwa kuingia daraja la kwanza 2026.

MzeeWaKaunti
Na akitaka kucheza mechi za siku nyingi?

BintiTakwimu
Hapo mzee arudi India. Machi 2024 walifufua mashindano ya kanda ya siku tatu pale Pune, na East Zone wakachukua kombe. Katika nchi zetu nne sijaona ligi nyingine ya wanawake inayofanya hivyo.

Ova_ya_Mwisho
Hilo la siku tatu naliachia. Jumatatu nafungua uzi wake.