Msaada: jengo moja, nyumba za kodi tofauti, utafutaji unachanganya

Mjenzi_Roysambu: Wadau, habari za jioni. Tunatengeneza tovuti ya kutafutia nyumba za kupanga hapa Nairobi. Kila jengo ni hati (rekodi) moja kwenye Elasticsearch, programu ya kuhifadhi na kutafuta data. Chukua jengo lenye bedsita (nyumba za chumba kimoja) za 9,000 na nyumba za vyumba viwili za 24,000. Mtu akitafuta vyumba viwili kwa kodi isiyozidi 10,000, jengo hilo linamtokea! Anafunga safari hadi huko, keateka (mtunza jengo) anamwambia hakuna nyumba kama hiyo. Si haki kumpotezea mtu nauli. Nizipange vipi hati hizi?

fundi_faharasa: Mkuu, orodha yako ya nyumba inabanjuliwa, yaani kila sifa inakusanywa kivyake. Faharasa, pale Elasticsearch inapotafutia, inabaki na aina: bedsita, vyumba viwili, kodi: 9000, 24000. Ipi inakwenda na ipi, haijui tena. Tangaza nyumba kuwa aina ya `nested`, inayoweka sifa za kila nyumba pamoja, na masharti yote mawili yakae ndani ya swali moja la `nested`. Ukiyatenganisha, utarudi palepale. Ongeza `inner_hits` ikuonyeshe nyumba iliyolingana. Faharasa ya sasa haitakubali kubadilishwa aina, kwa hiyo unda mpya uhamishie data.

Nyakio_data: Hilo litafanya kazi, ila pima gharama. Ndani ya Lucene, injini ambayo Elasticsearch imejengwa juu yake, kila nyumba ya `nested` ni hati iliyofichwa kando ya mzazi wake (hati ya jengo), na ukigusa moja, zote zinaandikwa upya. Ghorofa la mtaa wa Pipeline lenye milango (nyumba) 80: mpangaji mmoja akihama, hati 81 zinaandikwa. Mwisho wa mwezi je? Mimi ningeweka hati moja kwa kila mlango, jina la jengo na mtaa vikirudiwa, kisha `collapse`, yaani kukunja matokeo, kwa namba ya jengo ili kila jengo litokee mara moja. Jumla ya matokeo lakini itahesabu milango, si majengo.

fundi_faharasa: Na jengo likibadilisha jina utasahihisha hati 80. Mjenzi, kipi hubadilika zaidi kwenu?

Mjenzi_Roysambu: Nyumba kujaa na kuachwa wazi, kila siku. Jina la jengo ni nadra sana. Na mpangaji anatafuta nyumba, hatafuti jengo. Naenda na ushauri wa Nyakio. Lakini bedsita 20 za kodi moja, zinazofanana kabisa?

Nyakio_data: Hizo ziwe hati moja, na sehemu ya idadi ya zilizo wazi. Ikifika sifuri, ichuje isionekane.