Kufungua gari uani bila kugombana na jirani

Wakuu habari, niko Mwanga hapa Kigoma, Noah yangu naifanyia sevisi mwenyewe uani jioni nikitoka kazini, sasa mvua ya juzi imebeba oili mpaka mlangoni kwa mama wa nyumba ya pili na tangu hapo salamu haitikii. Gereji sitaki, mara ya mwisho gari ilirudi nati mbili za sampu (lile bakuli la oili chini ya injini) hazipo. Nifanyeje?

Jibu:
Kamuombe radhi kwanza, na usiende mikono mitupu, hata dagaa. Afu hiyo oili ni kama lita 4 tu mkuu, kinga beseni pana, ikimwagika mwagia maranda yanyonye, usisukume na maji ndo unaisambaza. Weka kwenye dumu, wapo wanaoitafuta wapake nguzo mchwa wasile.

Jibu:
Mi wa Ujiji, kilichoniponza ni resi, yaani kukanyaga mafuta injini ingurume gari limesimama. Saa tatu usiku nasikilizia injini kumbe ukuta wa pili kuna kichanga 😅. Siku hizi nyundo na resi mwisho magharibi, usiku nakaza nati tu kimya kimya, tochi mdomoni.

Muuliza:
Maranda sikuyawaza, kesho napita kwa seremala. Dagaa ninao tangu jana, naona aibu tu kubisha hodi.