Naomba ushauri: walimu wangu hawataki kabisa mambo ya onlaini, nifanyeje?

Mwalimu Njiapanda (Agosti 2020)
Asalaam aleikum na habari za jioni nyote. Mimi ni kaimu mwalimu mkuu wa shule ya praiveti hapa Mombasa upande wa Kisauni, jina sitaji. Tangu shule zifungwe Machi kwa sababu ya korona tumejikokota hivyo hivyo, lakini Waziri wa Elimu Magoha aliposema Julai kuwa mwaka wa 2020 umepotea na watoto watarudi Januari 2021, tajiri mwenye shule akaamua tuingie onlaini kikamilifu, Zoom kwa darasa la saba na la nane na wadogo watumiwe kazi kwa WhatsApp. Sasa shida ni walimu. Kuna kundi la wakongwe wamegoma kimyakimya. Naweka ratiba kwa grupu, tiki za buluu zinajaa, hakuna anayejibu. Na si kwamba sikuwatayarisha, mafunzo nilianza mapema tangu Mei pale shuleni, barakoa na kukaa mbalimbali, hata mwalimu wa Mtwapa alifika kabla ya wa hapa mtaani. Kuna mama mmoja wa Kiswahili namheshimu sana, juzi aliegemeza simu ikaelekea darini, watoto wakatazama feni kipindi kizima na yeye anasomesha tu. Nimesema kwa upole, nimesema kwa ukali. Mtu mzima unamfanyaje akubali mabadiliko? Silali wallahi.

Bint Mikindani
Pole mwalimu. Mafunzo ya pamoja hayasaidii, mtu wa miaka hamsini hawezi kuuliza "hapa nabonyeza wapi" mbele ya vijana. Sisi kila mkongwe alipewa kijana mmoja wa kumfundisha peke yake, tena kwa simu yake mwenyewe. Na msianze na Zoom, anzeni na redio. KICD, wale wa serikali wanaotunga mitaala, wana vipindi Redio Taifa, mtoto asikilize, mwalimu atume maswali, mzazi apige picha daftari arudishe. Mwenye kabambe, simu ya vibonyezo isiyo na WhatsApp, anatumiwa meseji ya kawaida.

Fundi Simu Kongowea
Tatizo ni memori, simu za walimu zimejaa video za harusi Zoom inakwama. Ninazo simu safi kutoka Dubai, njoo inboksi tuelewane bei.

Mzee Kobe
Mwanangu, walimu ni watu wagumu tangu zamani. Mgomo wa 1997 mimi nilikuwa darasani Taita, hedi wetu alizunguka nyumba kwa nyumba na baiskeli akitubembeleza turudi, mke wangu wa kwanza akamwachia mbwa, yule hedi alitupa baiskeli mtoni akakimbia, na mpaka leo tukikutana ananiuliza baiskeli. Subira.

Shangazi Mtopanga
Swali moja tu. Hao walimu wanalipwa?

Mwalimu Njiapanda
Shangazi hesabu ni za ofisi ya tajiri, mimi nashughulika na masomo. Bint Mikindani shukran, hiyo ya kijana mmoja kwa mkongwe mmoja nitaijaribu. Je, kuna mtu aliwahi kuweka fomu ya kujaza kila siku kuonyesha mwalimu amefundisha nini?

Shangazi Mtopanga
Nimeuliza wanalipwa au hawalipwi.

Mwalimu Njiapanda
Haya. Aprili walipata nusu. Tangu Mei hawajapata kitu. Lakini elewaneni na mimi jamani, wazazi wengi wamepoteza kazi mahotelini, karo hailipwi. Tajiri anasema pesa ya masomo ya onlaini ikianza kuingia atalipa kwa kila kipindi. Bando kwa sasa wanajinunulia.

Chachandu
😂😂 Basi hata feni ilipwe, maana ndiyo iliyosimamia kipindi chote.

Mwalimu wa Tuktuk
Mimi ni mwalimu wa hesabu, praiveti, Changamwe. Shule ilinipigia simu Aprili wakaniambia "tutawasiliana" na hatujawasiliana. Naendesha tuktuk ya binamu yangu. Mzazi mmoja wa shule yetu alipanda akaniuliza, mwalimu umeacha kusomesha? Nikamwambia madam wewe bado una deni la karo ya muhula wa kwanza, akashuka Mikindani kabla ya kwake. Wenzetu wa TSC, walioajiriwa na serikali, mshahara unaingia kama kawaida, sisi ndio tunaambiwa tubadilike. Dada au ndugu, watu hawaikatai Zoom. Wanakataa kukopa bando wafanyie mtu kazi ya bure.

Ustadh wa Majengo
Tumefundishwa mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijakauka. Hapo pamekauka tangu Mei.

Shangazi Mtopanga
Na wewe je, hupati?

Mwalimu Njiapanda
Mimi napata sehemu kwa sababu ya majukumu ya ofisi, niko shuleni kila siku, siwezi kulinganishwa. Na mimi ni mwanamke, huyo "ndugu" simjui. Sasa kwa kuwa mmeamua kunihukumu niseme yote. Tajiri anataka kubaki na walimu wachache. Ameandaa mkataba mpya, mtu alipwe kwa kipindi, na asiyesaini kufikia mwisho wa mwezi ihesabike ameacha kazi mwenyewe. Barua zimeshachapishwa, imebaki sahihi yangu. Wawili nimeshawatoa kwa grupu, walikuwa wanawatia wengine maneno. Mnadhani nafurahi? Nisipofanya hivi shule inakufa na sote tunakosa, kule Mwea si mmeona madarasa yamegeuzwa mabanda ya kuku. Angalau wachache wabaki na kazi. Ningekuwa mbaya nisingekuja kuuliza hapa.

Karani Msumbufu
Ulikuja kuulizia feni, dada. Sikiza vizuri. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, mkataba haubadilishwi na upande mmoja, mwajiriwa lazima ashauriwe na ajulishwe kwa maandishi. Hakuna mtu anayehesabika ameacha kazi eti kwa kukataa karatasi mpya. Mkitaka kupunguza watu nendeni kifungu cha 40: notisi isiyopungua mwezi mmoja, afisa wa leba ajulishwe, likizo alizodai zilipwe, na siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliomaliza. Na kuchagua nani aende kuna vigezo, muda kazini, ujuzi, uwezo. Kumwekea mtu tiki za buluu si kigezo. Siku ya kesi tajiri atasema barua ziliandikwa na hedi.

Msema Kweli 001
Ngojeni kidogo, mnalishwa. Mafunzo shuleni MEI? Mwalimu wa MTWAPA? Mtwapa ni Kilifi, kaunti zilifungwa Aprili 8 zikafunguliwa Julai 7. Mei hakuna aliyevuka kuja Kisauni kujifunza Zoom. Alipaa? Hii imetungwa.

Kaptein wa Tudor
Mitumbwi ilikuwepo. Sisemi nani.

Chachandu
Kaptein umejishtaki 😂

Msema Kweli 001
Mimi naona huyu si hedi. Huyu ni tajiri anapima maji aone watu watasema nini kabla hajawafuta walimu.

Bint Mikindani
Au ni mmoja wa wale wawili waliotolewa kwa grupu, anataka tumtukane hedi halafu achukue skrinshoti azisambaze. Na mimi nilivyojibu kwa roho safi.

Mwalimu Njiapanda
Subhanallah. Mtwapa ndiko kwao, kipindi chote cha lokdauni alikuwa kwa dadake Shanzu, ndio maana nikasema mwalimu wa Mtwapa, kila mtu shuleni anamwita hivyo! Ningetunga ningejitungia cheo cha kudumu si ukaimu.

Msema Kweli 001
Majibu yako matamu sana.

Mwalimu wa Tuktuk
Awe wa kweli awe wa kutunga, barua kama hizo zipo, jirani yangu hapa anayo na hajui aijibu vipi. Karani rudia hicho kifungu cha 40 taratibu nimpelekee.

Mzee Kobe
Mbwa alikuwa wa jirani, nisieleweke vibaya.

Shangazi Mtopanga
Mwalimu, yule mama wa Kiswahili jina lake limo kwa wanaobaki au wanaoondoka?

Mwalimu Njiapanda
Karani, hizo siku 15 zinahesabiwa kwa mshahara wa kabla ya korona au kwa ile nusu ya Aprili?

Karani Msumbufu
Wa mkataba. Labda kama walikubali nusu kwa maandishi. Walikubali?

Mwalimu Njiapanda
Walinyamaza tu. Nakuja inboksi.