"Unyamwezini" ni Marekani, au ni kwetu Tabora?

Mwalimu wa Tabora:
Wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Tabora mjini, na wiki iliyopita, nikisahihisha insha za kidato cha pili, nilikutana na sentensi hii: "Mjomba wangu yuko Unyamwezini anabeba boksi." Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Wilaya gani, Nzega au Sikonge?" Mwanafunzi alikuja akanieleza kwa adabu kwamba mjomba yuko Marekani, na huko anafanya vibarua. Ninajua kuwa vijana wa Dar es Salaam huiita Marekani hivyo, na Mmarekani humwita Mnyamwezi. Lakini mtoto huyu ni Mnyamwezi wa kuzaliwa, bibi yake yuko Uyui, na jina la kabila lake limemfikia likiwa na maana ya ng'ambo. Je, nimkate maksi?

Mkazi wa Ujiji:
Shikamoo mwalimu. Vijana wamezoea kuzipa nchi majina yao: Ulaya ni mamtoni, Afrika Kusini ni bondeni. Hata sisi wa Kigoma tunaitwa watu wa mwisho wa reli, kwa kuwa Reli ya Kati ilifika ziwani mwaka 1914 ikaishia hapo, na jina hilo tunalipenda. Ila mto na bonde havina mwenyewe wa kuuliza. Unyamwezi una watu, na ndiyo maana ninakuelewa.

Mzee wa Kwihara:
Marahaba, mwanangu wa Ujiji. Mwalimu, kumbuka kwamba hata jina hili tulipewa na watu wa pwani, ambao waliwaita hivyo wageni waliotoka upande wa magharibi, unakoandama mwezi. Wenyewe, wazee wetu walijitambua kwa himaya zao, kama Wanyanyembe na Wagalaganza. Katika karne ya 19 maelfu ya vijana wetu waliteremka hadi Bagamoyo wakiwa wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi au pembe ya ndovu begani, na kijana aliyerudi na nguo na shanga alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Sasa nisomee tena sentensi ya mwanafunzi wako: kijana ameondoka kwao, yuko mbali, anabeba mzigo, na nyumbani anasubiriwa. Mimi nimeisoma mara tatu, na kila mara nimemwona babu yangu.

Msomaji wa Nzega:
Kwa heshima yako, mzee, mimi nina hofu. Wamachinga ni watu wa Lindi, lakini leo ukisema "mmachinga" kila mtu anamwona mchuuzi wa barabarani, na neno hilo limeandikwa hadi kwenye jengo la soko pale Ilala. Maana mpya imeifunika ile ya kwanza kabisa. Mwalimu, maksi usizikate, lakini maana zote mbili zifundishwe darasani, na ile ya kwetu itangulie.

Mwalimu wa Tabora:
Asanteni sana. Ule wino mwekundu nimeufuta. Kijana ataandika insha ya pili baada ya kumuuliza bibi yake ni nani katika ukoo wao aliyepata kwenda pwani kwa miguu, na mzee wa Kwihara, ukiniruhusu, nitaleta darasa zima kwako.