Mjadala: Samoa ya Marekani na uraia wa kuzaliwa. Mahakama iwape, au waachiwe waamue wenyewe?

Mkunguni (mleta mada)

Wakuu, pasi ya kusafiria ya mtu aliyezaliwa Pago Pago, mji mkuu wa Samoa ya Marekani (visiwa vya Pasifiki vilivyo chini ya Marekani), kwa nje ni ileile ya mtu wa Texas: jalada la buluu, tai wa dhahabu. Tofauti iko ndani, kwenye ukurasa wa maelezo ya ziada, sentensi moja tu: mwenye pasi hii ana utaifa wa Marekani, si raia wa Marekani. Kiswahili kinatubana hapa, maana kwetu raia na mwananchi ni yule yule. Kule wamewatenganisha: mwananchi ndiye, raia siye.

Kwa vitendo maana yake ni hii. Anaingia jimbo lolote na kufanya kazi bila viza. Jeshini anaandikishwa. Lakini akihamia Hawaii hampigii kura rais wala gavana, haitwi kwenye jopo la raia wanaoamua kesi, na ajira za serikali zinazodai uraia hazimhusu.

Waliozaliwa huko na kuishi Utah walifungua kesi, ile ya Fitisemanu. Desemba 2019 jaji wa wilaya akasema hao ni raia tangu kuzaliwa. Juni 2021 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Oktoba 2022 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Kilichonishangaza: serikali ya Samoa ya Marekani yenyewe iliingia kwenye kesi kupinga watu wake kupewa uraia kwa njia hiyo. Nani yuko sahihi?

Dira ya Kusini

Kwanza tusichanganye Samoa mbili. Samoa yenye makao Apia ni nchi huru tangu 1962. Tunayoijadili ni ile ya mashariki: Tutuila, Aunu'u, visiwa vitatu vya Manu'a (Ofu, Olosega na Ta'u), kisiwa cha Swains na Rose, ambako hakuishi mtu. Jumla yake ni kama kilomita za mraba 200. Unguja inaweza kuvimeza visiwa vyote hivyo mara nane. Na sehemu kubwa ni milima: Lata kule Ta'u ina mita 966. Ardhi tambarare ya maana ni uwanda wa Tafuna, na ndiyo inayogombaniwa.

Mgawanyo huo ni wa 1899: Mjerumani akachukua magharibi, Mmarekani mashariki. (Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa Kijerumani Dar es Salaam, aliwahi kuwa naibu gavana wa upande ule wa Mjerumani.) Machifu wa Tutuila walitia saini hati ya kukabidhi visiwa tarehe 17 Aprili 1900, wa Manu'a 1904, na Bunge la Marekani likaikubali rasmi 1929. Hati ya 1900 ina ahadi ya kuheshimu na kulinda haki za watu juu ya ardhi yao. Kila hoja mtakayoisikia kutoka Pago Pago inaanzia kwenye ahadi hiyo.

Sensa ya 2010 ilikuta watu 55,519. Ya 2020, 49,710.

Wakili wa Mtaa

Mimi niko upande wa walalamikaji. Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani yanasema aliyezaliwa ndani ya Marekani na chini ya mamlaka yake ni raia. Bendera ni ya Marekani tangu 1900. Kinachowaweka nje ni zile hukumu za Mahakama ya Juu ziitwazo kesi za visiwa, zilizoanza 1901, enzi ambayo majaji waliandika waziwazi kuhusu "mbari za kigeni" zisizoweza kutawaliwa kwa taratibu za Kimarekani. Hata Jaji Gorsuch wa Mahakama ya Juu, ambaye si mtu wa mrengo wa kushoto, aliandika Aprili 2022 kwamba kesi hizo hazina msingi katika Katiba.

Hoja ya ardhi naiona ni kitisho. Kinga ya usawa mbele ya sheria kwenye Marekebisho ya 14 inamlinda "mtu yeyote", haisemi "raia". Kwa hiyo kama sheria ya ardhi ya Samoa ingeangushwa na usawa, ingeweza kuangushwa hata leo bila mtu kupewa uraia. Na ilijaribiwa: mwaka 1980, kesi ya Craddick, Mahakama Kuu ya huko huko ikasema zuio la kuuzia ardhi wasio Wasamoa linasimama, kwa sababu serikali ina sababu nzito ya kulinda ardhi na utamaduni.

Tena angalieni Mariana ya Kaskazini, visiwa vingine vya Marekani kule Pasifiki. Ni raia tangu 1986, na katiba yao bado inazuia mtu asiye na asili ya huko kumiliki ardhi. Mwaka 1990 mahakama ya rufaa ililiacha zuio hilo.

Mzee wa Baraza

Wakili, Mariana umeisimulia nusu. Hukumu ya 1990 ililiacha zuio kwa kutegemea kesi zile zile za visiwa unazotaka zifutwe. Ukikata tawi hilo, na kiota kinaanguka.

Nusu ya pili: mwaka 2016 mahakama hiyo hiyo ya rufaa iliamua kwamba kura ya kurekebisha kifungu cha ardhi cha Mariana haiwezi kuwa ya wenyeji wa asili peke yao. Zuio limebaki, ila funguo za kulifungua wamepewa wote. Guam, kisiwa kingine cha Marekani, mwaka 2019 hali kadhalika: kura ya maoni ya wenyeji kuhusu mustakabali wa kisiwa ilizuiwa, kwa sababu kigezo cha ukoo kilihesabiwa kuwa kigezo cha rangi. Mahakama ilitumia Marekebisho ya 15, ambayo, kinyume na lile la 14 ulilolinukuu, yanasema "raia". Kwa hiyo neno uraia lina uzito wake kwenye kura.

Sasa tazama serikali ya Pago Pago ilivyojengwa. Bunge lao linaitwa Fono. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 20 wanaochaguliwa kwa kura, pamoja na mjumbe wa Swains asiyepiga kura. Seneti ina watu 18, na hakuna hata mmoja anayepigiwa kura na wananchi. Wanateuliwa na mabaraza ya kaunti kwa mila ya Kisamoa, na lazima wawe matai, yaani wakuu wa koo wenye cheo kilichosajiliwa. Nipeleke seneti hiyo mbele ya jaji wa shirikisho anayeamini mtu mmoja kura moja, unieleze itadumu miezi mingapi.

Halafu kuna mambo madogo ambayo ndiyo maisha yenyewe. Jioni kijijini kengele inalia, mara nyingi mtungi mtupu wa gesi ulioning'inizwa na kugongwa kwa chuma. Vijana wa kijiji, wamejifunga lavalava, wanasimama kando ya njia kuzuia watu wasizurure mpaka sala ya nyumbani iishe. Huo muda unaitwa sa. Anayeuvunja anatozwa faini na baraza la kijiji. Mgeni mmoja mwenye wakili mzuri anaweza kuugeuza kesi ya dini na dola.

Mpima Viwanja

Mnabishana juu ya mlango wa mbele wakati nyumba inaingiliwa uani.

Ardhi ya Samoa ya Marekani, zaidi ya asilimia 90, inahesabiwa kuwa ya ukoo. Ukoo ni aiga. Mkuu wake mwenye sauti juu ya ardhi anaitwa sa'o. Sheria inakataza kuhamisha ardhi, isipokuwa ile ndogo ya umiliki huru iliyotolewa kabla ya 1900, kwenda kwa mtu mwenye chini ya nusu ya damu ya Kisamoa. Kuhamisha ardhi ya ukoo kunapita kwenye Tume ya Ardhi, kisha gavana aidhinishe. Kupangisha kunaruhusiwa hadi miaka 55, nako kwa idhini ya gavana.

Hesabu ya damu ina mtego wake. Baba Msamoa kamili, mama mgeni: mtoto ana nusu, anarithi. Mtoto huyo akioa mgeni, mjukuu ana robo, na robo hairithi. Sheria inayowazuia wageni inawatoa nje na wajukuu wa ukoo. Watu wakihama na kuoana na wengine, mtego huu unanasa zaidi kila kizazi, uraia uwepo usiwepo.

Uani penyewe ni kwenye usajili. Mahakama ilitambua aina nyingine: ardhi ya mtu binafsi, kwa aliyefyeka msitu ambao haukuwa na mwenyewe na kuulima kwa jasho lake, si kwa niaba ya ukoo. Utaratibu: unapima, unapeleka ramani kwa msajili, tangazo linabandikwa mahakamani Fagatogo na kijijini kwa siku 60. Asipotokea wa kupinga, hati inatoka kwa jina lako. Ugumu uko hapo kwenye siku 60. Sa'o anaweza kuwa mgonjwa, au cheo kiko wazi kwa sababu koo zinagombania mrithi, na nusu ya wenye haki wako California. Tangazo linanyeshewa mvua kwenye mbao za kijiji, siku zinapita, eneo la ukoo limekuwa la mtu. Tafuna imegawanyika vipande vipande kwa njia hii, na wanaogawana wote ni Wasamoa.

Cheo kikigombaniwa huendi mahakamani moja kwa moja. Mnapita kwanza ofisi ya Masuala ya Samoa, mnaketi angalau vikao viwili vya usuluhishi, mkishindwana mnapewa cheti cha kushindikana ndipo kesi inafunguliwa. Mahakama inapima mambo manne: haki ya urithi, matakwa ya walio wengi katika matawi ya ukoo, tabia na ujuzi wa mila, na faida ya mtu huyo kwa familia, kijiji na nchi. Muda wote huo ardhi haina msemaji.

Na mikopo? Benki haiwezi kuweka rehani ardhi ya ukoo. Mjenzi na sa'o wanasaini makubaliano ya kuitenganisha nyumba na ardhi, benki inashika nyumba peke yake. Watu wa Mombasa wanaijua: nyumba bila ardhi. Mkosi unakuja mwenye nyumba akifa, watoto wana ukuta na bati, na sa'o mpya hawaelewani.

Kwa hiyo kwangu hofu ya uraia si ya uongo, ila imewekwa pasipo pake. Fono ingeurefusha muda wa tangazo na kulazimisha taarifa iwafikie wanaukoo walioko ng'ambo, ingeokoa ekari nyingi kuliko ushindi wowote mahakamani.

Wakili wa Mtaa

Mpima, umenifunga mdomo kwenye ardhi. Mzee, kwenye Marekebisho ya 15 nakubali nilipita juu juu. Lakini nijibu hili: mnaogopa jaji wa shirikisho, wakati Jaji Mkuu wa Pago Pago anateuliwa na Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani (yule wa ardhi na mbuga, si wa polisi). Visiwa viko chini ya wizara hiyo tangu jeshi la majini lilipoviachia 1951. Na tangu 1983 hadi 2024 katiba yenu wenyewe haikuweza kubadilika bila sheria ya Bunge la Marekani, ambako mjumbe wenu hana kura ya mwisho ukumbini. Huo uhuru mnaoulinda uko wapi?

Mzee wa Baraza

Uko kwenye mazoea. Waziri ana nguvu hizo na kwa kawaida hazigusi ardhi. Jaji akishaandika hukumu, haiondoki.

Pia wasomaji wasidhani uraia ungewapa kura ya rais wakiwa nyumbani. Puerto Rico ni raia tangu 1917, Guam tangu 1950. Wakiwa visiwani kwao hawampigii rais. Na wote walipewa na Bunge, si mahakama. Njia hiyo kwetu haina ubaya, ikitanguliwa na ridhaa ya watu.

Kituo cha Forodha

Hakuna aliyeeleza mtu mmoja mmoja anafanyaje leo. Mwenye utaifa anaweza kuomba uraia, ila sharti awe mkazi wa jimbo. Miaka aliyoishi Tutuila inahesabika, hivyo haanzi sifuri kama mgeni, lakini lazima awe ameishi kwenye jimbo au wilaya anayoombea kwa miezi 3 kabla ya kupeleka fomu N-400. Ada tangu Aprili 2024 ni dola 760 kwa karatasi, 710 kwa mtandao. Kisha alama za vidole, mahojiano, mtihani wa Kiingereza na uraia, kiapo. Jimbo la karibu ni Hawaii, kama kilomita 4,200. Ongeza nauli, kodi ya chumba Honolulu na kazi uliyoiacha, ndipo ujue kwa nini wengi wanaishia kutokuomba. Mjumbe wao Washington, Aumua Amata Radewagen, amewahi kupeleka mswada wa kurahisisha njia hii kwa anayetaka, bila kumgusa asiyetaka. Haujawa sheria.

Na tahadhari kwa waliohamia: fomu za kura huuliza wewe ni raia, ndiyo au hapana. Hakuna kisanduku cha utaifa. Kule Whittier, Alaska, mji usiofika watu 300, wazaliwa wa Samoa ya Marekani walifunguliwa mashtaka 2023 na wengine 2025 kwa kuweka alama kwenye "ndiyo". Alama hiyo inaweza kukurudia pia siku ya mahojiano ya N-400.

Mkunguni (mleta mada)

Basi swali langu la mwanzo nalibadilisha. Mzee amesema ridhaa ya watu itangulie. Ikiitishwa kura ya maoni, nani yumo kwenye daftari: wakazi wa visiwani tu, wazaliwa walioko Utah na California, au pia mke mgeni aliyeishi Tafuna miaka 20 akiwa raia wa Marekani? Mzee, anza wewe, na usisahau hukumu ya Guam uliyoitaja mwenyewe.